Koti la Fisi Maji

Jumamosi moja ya Novemba, mwaka 1986, Damalie na Wamaitha walishuka mjini kutafuta koti. Ilikuwa siku njema. Walikuwa wamekunywa chai ya maziwa na mandazi, wakafunga mlango wa nyumba yao kule Rinkeby, ghorofa ya tano, wakapanda treni ya chini ya ardhi huku wakicheka mambo ya jirani yao.

Wamaitha alikuwa Mkenya wa Nyeri. Alikuwa na miaka kumi Stockholm, kazi ya hotelini, na mume wa Kiswidi aliyeachana naye zamani. Damalie alikuwa Mganda. Kaka yake aliuawa katika vita vya Luweero, yeye akakimbilia Nairobi, akakaa huko mpaka Kiswahili kikamkaa mdomoni, kisha akaletwa Sweden. Majira yake ya kwanza ya baridi aliyapitisha kwa sweta tatu na kijikoti cha msaada. Sasa alikuwa amepata kazi ya kuhudumia wazee, katika nyumba iliyokuwa kando ya ziwa Mälaren, na njia ya kutoka kituoni ilikuwa wazi kwa upepo wote wa majini.

"Mwaka huu sikubali," Wamaitha alimwambia. "Utanifia, nianze kuomba watu wanichimbie kaburi, na ardhi yenyewe hapa ni jiwe."

Duka la kwanza lilikuwa na koti la sufu, jekundu, lililobana kiunoni. Damalie alijigeuza mbele ya kioo, akajipenda. Wamaitha alimshika mkono, akamtoa nalo mpaka mlangoni, na upepo mmoja tu ukapita kwenye ile sufu kama unapita kwenye wavu. Wakalirudisha. Duka la pili lilikuwa na koti lililojazwa manyoya ya bata. Hilo lilikuwa na joto kweli, lakini Damalie alipojitazama alitaka kulia.

"Nimekuwa godoro lenye miguu, dada."

"Na wewe unataka joto ama unataka bwana?"

"Nataka vyote," Damalie akasema, wakacheka tena.

Ndipo walipokwenda mtaa wa Södermalm, kwenye duka la nguo kuukuu. Nje ya mlango alisimama msichana wa Kiswidi akigawa karatasi zenye picha ya mnyama aliyenaswa kwenye mtego wa chuma. Aliongea nao kwa muda, kwa sauti ya kusihi, macho yamemjaa machozi ya baridi au ya uchungu. Wamaitha alimtafsiria mwenzake.

"Anasema tusinunue koti la ngozi. Anasema mnyama akinaswa mguu hungojea siku mbili, tatu. Halafu hujitafuna mguu wake mwenyewe, apate kwenda."

Damalie aliitazama picha ile, akaitazama damu kwenye theluji. Moyoni alijisemea: hawa wana machozi kwa wanyama. Kaka yangu alilala barabarani siku nne, nani aligawa karatasi? Akampita msichana yule, akaingia.

Koti lilikuwa limetundikwa peke yake nyuma ya mlango. Lilikuwa la rangi ya kahawa iliyokolea, refu mpaka chini ya magoti. Manyoya yake yalikuwa mafupi, laini, mazito kiasi kwamba kidole kilizama bila kufika kwenye ngozi. Alipolivaa, joto lilimpanda kutoka miguuni kama mtu aliyeingia kwenye maji ya kuoga. Lilimkaa mabegani kana kwamba fundi alimpima.

"Utter," alisema bibi mwenye duka. Alipoona hawaelewi, alikunja viganja, akavipeleka mbele kwa mawimbi, akaonyesha masharubu, akaonyesha mkia.

"Mnyama wa majini," Wamaitha akasema. "Yule mwenye kichwa kama cha paka na mkia mnene. Fisi maji."

Damalie aliondoa mkono kwenye manyoya. Kwao Buganda kila mtu ana ukoo, na kila ukoo una mnyama wake wa mwiko. Wake yeye ulikuwa ukoo wa Ngonge, na Ngonge ndiye fisi maji. Shangazi yake, Ssenga Clementina, aliyemlea kando ya ziwa kule nyumbani, alimfundisha hilo kabla hajajua kusoma: Ngonge ni ndugu yako. Humuui, humli, humvai.

Wamaitha alimsogelea. "Si uliniambia huyo ndiye mwiko wenu?" akanong'ona.

"Kaka yangu pia alikuwa wa ukoo huo," Damalie alijibu. "Walipomkata kwa mapanga, Ngonge alikuwa wapi?"

"Mimi sijui. Lakini mambo ya wazee usiyachezee."

"Huyu ni wa Ulaya, dada. Hanijui."

Akalinunua. Alitoka nalo mwilini, na msichana wa karatasi alipomwona alirudi nyuma hatua mbili, akaupisha mkono wa koti usimguse.

Mwezi mzima mambo yalikuwa shwari. Wazee kule kazini walilipapasa koti na kulisifu. Damalie alitembea kando ya ziwa kama malkia, na baridi haikumwona.

Baada ya Krismasi koti lilianza kulowa.

Alilitundika jioni likiwa kavu, asubuhi akalikuta limeloa, na sakafuni chini yake kidimbwi cha maji. Wamaitha alidhani ni theluji iliyoyeyuka. Lakini siku tatu mfululizo hapakuwa na theluji. Siku ya nne Damalie alichovya kidole katika maji yale, akakinusa. Yalinuka matope na mafunjo, harufu ya ukingo wa ziwa la kwao.

Kisha Januari ikaja na baridi ambayo wenyeji wenyewe waliiogopa. Mabasi yaligoma kuwaka. Wakati huo ndipo mkono wa kulia wa koti ulipoanza kumbana. Kwanza kidogo, kama mtu anayekushika usianguke. Baadaye sana. Alipolivua, alikuta alama nyekundu imezunguka kifundo cha mkono wake, na katika alama hiyo vitobo vidogo, vimepangana.

Hakumwambia Wamaitha. Usiniulize kwa nini. Ukiwa umekipenda kitu huku umekatazwa, na madhara yake utayaficha.

Alhamisi alikuwa akirudi kutoka kazini. Ilikuwa saa kumi alasiri na giza limekwisha kuingia. Katika njia iliyopita kwenye misonobari nyuma ya majumba yao, alikutana na mbwa mkubwa ambaye hakufungwa kamba. Mwenye mbwa alikuwa mbali, akipiga mluzi. Mbwa alisimama. Akalinusa koti kutoka pale alipokuwa, manyoya ya mgongo yakamsimama, akaja mbio.

Damalie alikumbuka kuanguka. Alikumbuka meno ya mbwa mbele ya uso wake.

Alipopata fahamu alikuwa amepiga magoti. Mbwa alikuwa amelala mbele yake. Koo lake lilikuwa limefunguliwa lote, mpaka mfupa, na damu ilikuwa bado inafuka mvuke kwenye theluji. Mluzi ulikuwa unakaribia.

Alikimbia. Alipanda ngazi za ghorofa zote tano kwa miguu, akaingia bafuni, akajitazama kwenye kioo. Koti lilikuwa safi, bila tone. Akafungua mdomo. Katikati ya meno yake mlikuwa na manyoya ya mbwa.

Wamaitha alimkuta sakafuni akisugua ulimi kwa sabuni. Safari hii Damalie alimweleza yote. Wamaitha alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akaenda ukumbini, ambako Damalie alikuwa amelivua koti, akalichukua.

"Ninaenda kulitupa."

"Liache."

"Dama, hii kitu itakuua."

"Nimesema liache!"

Haikuwa sauti yake. Ilitoka kooni kama mluzi mwembamba, mkali. Wamaitha aliufikia mlango, na hapo Damalie akamrukia. Alimpiga ngumi ya mdomo, akampiga tena, akamshika nywele na kumgonga kichwa kwenye fremu ya mlango mara mbili, na kila pigo lilimpa raha. Wamaitha aliteleza chini. Alitema jino kwenye kiganja chake, akalitazama, akainua macho.

"Mimi ndiye niliyekupokea uwanja wa ndege," akasema polepole.

Damalie alisikia maneno hayo kama yanatoka ng'ambo ya maji. Mikono yake ilikuwa imekwisha kulivaa koti.

Wamaitha alilala kwa rafiki yake kule Jakobsberg siku hizo zilizofuata. Hakwenda polisi. Damalie alibaki peke yake, na hakulivua tena koti, kwa sababu vifungo vilikataa kufunguka.

Jumapili, tarehe kumi na moja, alitakiwa kazini mchana. Aliteremka kituoni, akashika njia ya ziwani. Jua lilikuwa jeupe, halina nguvu. Ziwa lote lilikuwa limeganda, isipokuwa mfereji mweusi uliokatwa na meli, mita mia mbili hivi kutoka ukingoni. Mbali kidogo, mzee mmoja aliketi kwenye kigoda akivua samaki kwenye tundu alilotoboa katika barafu.

Nyumba ya wazee ilikuwa upande wa kushoto. Damalie aligeuka kushoto.

Koti likaenda kulia.

Lilimvuta kwa kifundo cha mkono. Alikanyaga barafu, akateleza, akaanguka. Halikusimama. Lilimburuta kwa magoti, soksi zikachanika, ngozi ikafuata, na nyuma yake kukabaki mistari miwili ya damu. Alipiga kelele. Mzee wa samaki akageuka.

Mfereji ulikuwa unakaribia.

Damalie alikamata kifungo cha juu kwa mkono wa kushoto, akakinyofoa. Akakinyofoa cha pili. Akakwanyua kifua cha koti lote kwa nguvu za mtu anayekufa, akachomoa mkono wa kushoto, akajirusha nyuma. Koti lilimvuka mabegani, likatangulia, likatumbukia majini.

Lakini halikumwachia. Mkono wa kulia ulikuwa bado umemng'ang'ania. Mshono wa pindo ulikuwa umechanika, kidole gumba chake kimechomoza hapo, kimenasa. Koti lilizama. Likawa zito. Likamvuta kifudifudi mpaka kidevu chake kikawa juu ya maji meusi.

Chini, kitu kiligeuka.

Aliona macho mawili. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yakingoja, kama ya mtu anayemngoja mdaiwa wake aseme neno.

"Nisamehe," alinong'ona kwa Kiganda. "Nilikujua. Nilijua ni wewe."

Koti likavuta tena. Barafu ikalia chini ya kifua chake. Mabega yakavuka ukingo.

Ndipo alipoinamisha kichwa, akakitia kidole gumba mdomoni mwake, akauma.

Aliuma kwenye kiungo. Alisikia ngozi ikiachia, alisikia mshipa, alisikia mfupa ukitengana na mfupa kwa mlio aliousikia ndani ya fuvu lake. Mdomo ulijaa damu ya moto. Hakuacha. Alitikisa kichwa kulia na kushoto, akivuta, akinguruma, mpaka kikakatika.

Koti likaenda.

Kidole kilimtoka mdomoni kikaanguka majini. Hakikuzama. Kitu kilikipokea kutoka chini, taratibu, na maji yakatulia.

Mzee wa samaki alimfikia akiwa amelala na kigauni cha kazi tu katika baridi ya nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Alimfunga mkono kwa skafu, akambeba mgongoni.

Hospitalini daktari alimuuliza ni mbwa gani aliyemng'ata. Damalie alisema amejing'ata mwenyewe. Daktari aliandika kitu, akamletea mtu wa kuzungumza na wenye akili zilizochoka. Wapiga mbizi wa polisi walishuka mferejini, wakatoka bila koti.

Wamaitha alikuja siku ya tatu, mdomo bado umevimba. Aliingia na bakuli la uji.

"Dada," Damalie alisema, akajaribu kuinuka.

"Nyamaza. Kula kwanza." Akaketi kitandani, akaanza kumlisha uji kwa kijiko, maana mkono ule uliofungwa ndio uliokuwa wa kulia na wa kuandikia.

Damalie hakumwandikia mtu wa kwao hata mstari mmoja. Angeandika kwa mkono upi, na angesema nini?

Katikati ya Machi, barua ilifika Rinkeby. Bahasha ilikuwa ya ndege, stempu ya Uganda, mwandiko wa Ssenga Clementina. Wamaitha aliifungua kwa kisu cha jikoni, akamshikia Damalie karatasi aisome. Ilikuwa kwa Kiganda, na juu kabisa iliandikwa: Jumapili, tarehe 11 Januari 1987, jioni.

*Mwanangu Damalie,*

*Leo baada ya chakula cha mchana Ngonge ametoka ziwani. Amepita katikati ya migomba, mbele ya watu, na hakuna aliyethubutu kusogea. Amekuja mpaka kizingitini kwangu, akatema kitu, akanitazama, akarudi majini.*

*Ni kidole gumba cha mwanamke. Kimekatwa kwa meno. Kilikuwa na baridi ambayo sijawahi kuishika maishani, na kucha yake ilikuwa imefunikwa na vipande vyeupe kama chumvi, vikayeyuka mkononi mwangu vikawa maji. Nimekizika nyuma ya nyumba, mahali tunapowazika watu wetu.*

*Nimewaita wanawake wote wa ukoo walio karibu. Nimewatazama mikono mmoja mmoja. Wamekamilika wote. Umebaki wewe peke yako.*

*Nijibu upesi. Na usimwagize mtu. Andika kwa mkono wako mwenyewe, niuone mwandiko.*