Tundu Kwenye Uzio wa Seva

Kila siku baada ya masomo, Kasi alikuwa wa kwanza kufika chumba cha kompyuta. Jina hilo la utani alipewa kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kwenye kibodi. Nyuma yake alifuata binamu yake, Twiga, msichana mrefu aliyehamia kwao mwaka ule na kulala naye chumba kimoja. Twiga aliandika kwa kidole kimoja kimoja, akinong'ona kama anayemwandikia barua mkwe wake.

Basi hapo ndipo Kasi alipoumia. Mwendo wa kinyonga, lakini sifa zote zake! Mwalimu wa kompyuta alisema, "Twiga, kazi safi." Nyumbani nako mama alisema, "Mwangalie mwenzako anavyotulia." Roho ilimchoma Kasi.

Klabu yao ya kompyuta ilikuwa na seva moja, yaani kompyuta kuu ya kuhifadhi kazi za wote, pale kwenye kona. Wanafunzi waliipelekea maagizo ya programu zao, nayo ikaziunda na kuzijaribu yenyewe. Ndani yake kulikuwa na programu-jalizi, yaani programu ndogo ya nyongeza, iliyofanya kazi ya mlinzi. Iliyazungushia uzio maagizo ya kila mwanafunzi, yasije yakagusa kazi ya mwingine.

Jioni moja Twiga alimvuta Kasi pembeni.

"Hebu ona. Agizo likiandikwa pale pa kuweka jina la programu, mlinzi halikagui. Nimejaribu, likanionyesha mafaili ya klabu nzima. Nataka nimwambie mwalimu."

Wivu ukampanda Kasi. Kesho yake mwalimu angemchagua mwakilishi wa klabu kwenye maonyesho. Kwa ugunduzi kama huo, nani angemtazama yeye tena?

Twiga alikwisha kumgeukia mwalimu, aliyekuwa akifunga madirisha. "Mwalimu, hivi ule uzio unaweza..."

"Anauliza kama tunafunga sasa," Kasi akadakia, akimfinya mkono. Walipotoka nje akamwambia, "Una wazimu? Watasema unachungulia kazi za watu. Utafukuzwa. Nyamaza kabisa."

Twiga alikuwa bado mgeni shuleni, akanyamaza.

Kesho yake Kasi aliwahi peke yake. Nia yake ilikuwa kumwonyesha mwalimu lile tundu kana kwamba amelivumbua yeye. Ili alijaribu, alitaka kufuta kwa kupitia hapo faili lake moja tu la majaribio, lakini kwa pupa yake akabonyeza kabla hajaandika jina la faili lenyewe. Seva ikatii. Kazi za klabu nzima zikafutika, hata yake mwenyewe.

Wenzake walipoingia na kukuta folda tupu, wengine walilia. Mwalimu alimgeukia Twiga.

"Jana ulianza kuniuliza habari za uzio. Ulikuwa unajua nini? Kama ni wewe, hutaingia tena klabu hii."

Twiga aliinama akatazama viatu vyake. Sentensi moja tu ingemwokoa, lakini hakumtaja mtu.

Kasi alijua kwamba akikaa kimya, Twiga ataondoka na sifa zitamrudia yeye. Si ndicho alichokitamani mwaka mzima? Mbona sasa hakukitaka tena? Akapiga moyo konde, akasimama.

"Ni mimi, mwalimu. Twiga aliliona tundu akataka kukuambia. Nilimtisha kwa sababu nilimwonea wivu."

Mwalimu alikwenda kwenye seva. Kisha akaizima ile programu-jalizi, akawaandikia walioitengeneza kuwaeleza kasoro yake, na jina la Twiga akaliweka humo. Kwenye diski ya akiba alipata kazi za wiki iliyopita. Zilizofanywa baada ya hapo zilikuwa zimepotea.

"Twiga ndiye atakayetuwakilisha," alisema. "Nawe Kasi utamsaidia kila mmoja kuandika upya kilichopotea. Mwenzako aliona ufa akataka uzibwe. Wewe ukaziba mdomo wake ukauacha ufa, na ukuta umetuangukia sote, wewe ukiwamo. Sifa zake hazikukupunguzia kitu, mwanangu. Kilichokupunguzia ni wivu wako."

Kasi alifuta machozi, asijue akae wapi. Twiga akavuta kiti kilichokuwa kando yake.

"Njoo tuanze na yangu," alisema. "Andika wewe. Kwa vidole vyangu hivi, tutamaliza mwakani."