Kiganja cha Unga

Mama Mikate alioka mikate, na mumewe aliisambaza madukani. Ndivyo walivyoishi miaka kumi na tisa. Kila asubuhi walipanga kreti kwenye gari lao la kijivu, gari kuukuu lakini lenye subira. Mume akishawasha injini, alikuwa anawasha na taa. Alipenda tu. Na kila asubuhi mkewe alikuwa anagonga boneti kwa kiganja chenye unga.

"Zima taa, baba watoto! Jua hili lote, unammulikia nani? Betri haiokotwi njiani!"

"Haya, mkuu wa kituo," mume alijibu akicheka. Alizima taa, akaondoka na alama ya kiganja cha unga kwenye boneti.

Wala si mkewe peke yake. Kwenye barabara ile, ukipita mchana taa zinawaka, kila mtu anakukunjia na kukukunjulia vidole. Maana yake: zima, zima! Jamani, watu walikuwa na huruma kweli na betri za wenzao.

Siku moja kulikuwa na manyunyu. Wingu lilikuwa la kijivu, lami ya kijivu, na gari ndilo hilo hilo la kijivu. Saa mbili asubuhi, karibu na daraja, dereva wa lori alitaka kulipita basi. Alitokea upande wa pili ghafla. Mume wa Mama Mikate akamkwepa, akagonga ukuta wa daraja. Gari lilipelekwa kwa mafundi, likanyooshwa, likapona. Yeye hakupona.

Dereva wa lori alikuja msibani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, sikumwona," alisema. "Naapa sikumwona. Niliona barabara tupu."

Mama Mikate aliinamisha uso. Watu walidhani amemkasirikia. Kumbe maskini, alikuwa anakitazama kiganja chake mwenyewe. Asubuhi ile pia alikuwa amegonga boneti.

Matanga yakaisha, na watu wakataka mikate. Binti yake mkubwa akashika usukani. Tangu siku hiyo Mama Mikate hakukanda unga kwa raha. Alisimama getini hadi binti arudi. Mara mbili mikate iliungua naye yuko pale pale, macho barabarani.

Baba mdogo wa binti, yaani ndugu wa marehemu, akamwonea huruma. Alikwenda sokoni akanunua taa mbili ndogo za mbele.

"Shemeji, ondoa shaka," alisema. "Hizi zinawaka mchana kutwa. Nazifunga mwenyewe. Kazi ya dakika kumi."

Zilikuwa za bluu, kali za kuumiza macho. Moja ilikaa juu, nyingine chini. Waya aliuunga moja kwa moja kwenye betri, akauzungushia plasta. Kesho yake asubuhi gari halikuwaka. Betri ilikuwa imekufa kabisa, na waya ulikuwa umeyeyuka mahali ulipokwaruzana na chuma.

Mama Mikate alikaa juu ya kreti tupu. "Zing'oe," alimwambia binti. "Zing'oe zote."

"Zikitoka, mama, nani ataniona?" binti aliuliza.

Mama Mikate akaangua kilio. Ndipo alipoyatoa yaliyomkaa moyoni. "Mimi ndiye niliyemzimisha taa baba yako. Ni mimi, mwanangu."

Jirani yao alikuwa fundi umeme wa magari. Mtaa mzima ulimwita Fundi Waya. Alikuwa amekuja kuitazama betri, akayasikia yote. Akaweka bisibisi chini.

"Mama Mikate, mimi nilimfanyia hivi mara ngapi?" Akakunja na kukunjua vidole vyake. "Mimi, fundi umeme! Sote tulimzimisha. Usiubebe mzigo huu peke yako."

Kisha fundi akainama mbele ya gari. "Nani kafunga hizi?"

"Baba mdogo," binti alijibu.

"Huyo mwacheni afunge mizigo." Mama Mikate alicheka kidogo huku anafuta machozi. Fundi akaendelea, "Sikilizeni. Taa za mchana hazikuonyeshi njia. Zinakuonyesha wewe kwa wenzako. Na si kila taa inafaa. Nunua zilizotengenezwa kwa kazi hii, nyeupe, zisizoumiza macho. Kwanza waulize wakaguzi wa magari ni zipi zinaruhusiwa."

"Na betri?" Mama Mikate aliuliza.

"Betri ilikufa kwa sababu gari lililala, taa zikabaki macho. Mimi nitaziunga ziwake injini ikiwaka, zizime ukizima. Injini ikiwa inazunguka, inaichaji betri, na taa hizi hazili umeme mwingi. Hapa karibu na betri naweka fyuzi. Waya ukileta matata, fyuzi inakatika kabla moto haujaanza. Nitazifunga kimo kimoja, kulia na kushoto. Na ukiwasha taa kubwa, hizi zizime zenyewe."

Akamgeukia binti. "Ila usidanganyike. Hizi ziko mbele tu, nyuma huna kitu. Mvua, ukungu au giza likiingia, washa taa kubwa, ili na za nyuma ziwake. Umesikia?"

"Nimesikia, fundi."

Walikwenda kwa wakaguzi, wakauliza. Wakanunua taa zilizokubaliwa. Fundi Waya alifanya kazi siku nzima, si dakika kumi.

Wiki ya pili, siku yenye vumbi, binti alichelewa. Mama Mikate alisimama getini. Mara akaziona taa mbili nyeupe zikija kutoka mbali, kabla hajaliona gari lenyewe.

Binti alishuka, uso umempauka. "Mama, pale darajani lori lilitaka kulipita basi. Lilichomoza kidogo, halafu likarudi nyuma ya basi. Dereva akanisubiri nipite."

"Alikuona?"

"Aliniona, mama."

Mama Mikate alimkumbatia, akalia kama siku ya msiba. Alimlilia mtoto aliyerudi, akamlilia na baba yake ambaye hakurudi.

Asubuhi iliyofuata gari lilisimama getini, injini ikinguruma, taa zikiwaka juani. Mwendesha baiskeli akapita, akakunja na kukunjua vidole.

"Taa hizo! Betri itakufa!"

"Ziache ziwake!" Mama Mikate alimjibu kwa sauti kubwa.

Kisha akainua mkono wake wenye unga. Hakugonga. Aliulaza polepole juu ya boneti, akausahau pale kwa muda.

"Nisamehe, baba watoto," alisema.

Halafu akauondoa, na gari likaenda zake na alama ya kiganja.