Msaliti wa Chumba cha Juu

Ilinuka harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, na katika nyumba ile hapakuwa na mshumaa.

Genoveva Shirima aliisikia harufu hiyo Jumatatu adhuhuri, akimkogesha Bibi Rosemary, ajuza wa miaka tisini na mmoja aliyekuwa akimtunza nje kidogo ya mji wa Upper Marlboro, ughaibuni. Hati za Genoveva za ukaazi zilikwisha muda zamani. Ajuza ndiye aliyemficha, maafisa wa uhamiaji wasimkamate.

"Ni Christopher," Bibi Rosemary alinong'ona. "Enzi zile sheria ilikataza misa, wazee wangu wakasali chumba cha juu kwa siri. Yeye, bawabu wao, akapeleka majina yao kwa askari. Alikufa, lakini hakuondoka. Usimpe jina lako."

Lakini Genoveva alilelewa Kilema, ambako mzee akikuuliza wewe ni wa nani, hunyamazi. Jumanne, alipokuwa akipandisha shuka ghorofani, sauti ya mzee ilikohoa nyuma ya mlango wa chumba kile, ikauliza kwa upole, kwa Kichaga: "Mwanangu, wewe ni wa nani?"

Mdomo ukatangulia akili. "Genoveva, wa Shirima, wa Kilema."

Mle ndani mtu akacheka.

Tangu hapo, kila alasiri kalamu ilisikika ikikwaruza karatasi, kisha majina yakasomwa, ya watu waliokufa karne tatu zilizopita, na ile harufu ikashuka ngazi, ikaingia jikoni, ikaingia katika nywele zake, hata mwisho wa orodha, kwa sauti iliyozidi ya jana, likaja jina lake.

Ijumaa alimwita Kalisti Massawe, katekista wa kanisa la Oxon Hill, wakapanda hadi mlango ule.

"Sema polepole, mwalimu. Anasikia."

"Asikie! Nimefukuza majini sugu kuliko huyo."

"Mbona chupa ya maji ya baraka huifungui?"

"Baridi, dada. Acha maneno."

Kalisti alisali, akanyunyiza maji ya baraka mlangoni. Kalamu ikakwaruza mara moja, ikatulia. Harufu ikatoweka.

Genoveva alishuka mbio, machozi ya furaha yakimtoka. "Bibi, amenyamaza!"

Ajuza aligeuka mweupe kama shuka.

"Kimbia, mwanangu. Hata wakati ule alinyamaza. Hunyamaza akishayafikisha majina."

Nje, milango ya magari ikafungwa, mmoja baada ya mwingine.