Mke wa Ukutani

Jumamosi ya kwanza baada ya kuhamia kwa mumewe, Ludivine alifungua mlango akakuta ngazi ya mlangoni imeshasuguliwa. Jiwe la bluu lilikuwa bado limelowa, linanuka sabuni nyeusi. Yeye ndiyo kwanza ameamka, na Aubin alikuwa juu anakoroma.

Bibi Piroton, jirani wa mkono wa kushoto, alikuwa amepiga magoti mbele ya kwake na brashi mkononi. Hapa Hastremont, kijiji chetu cha Ubelgiji, mwanamke hupimwa kwa jiwe lake la mlangoni, upende usipende, na Bibi Piroton ndiye mpimaji mkuu. Akamsifu mgeni kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: kumbe wasichana wa mjini Namur nao wanajua kazi! Ludivine angeweza kusema si yeye. Akatabasamu, akashukuru. Hapo ndipo alipokosea, maana sifa ile ilikuwa na mwenyewe.

Nyumba ile ina miaka mia tatu na ushee, na inalindwa na sheria. Huwezi kubadilisha hata bawaba bila kibali. Aubin Massinon aliikarabati peke yake kwa miaka minne kabla hajaoa, na ndiye aliyewashtaki majirani wawili kwa kuweka madirisha ya plastiki. Tulimtania kwamba amefunga ndoa na nyumba. Yeye mwenyewe alikuwa akicheka nasi.

Wiki zilizofuata, vitu vya Ludivine vilianza kutoka nje. Birika la kahawa, kitana, pazia la njano alilopewa na dada yake: kila asubuhi kimoja kilikutwa barabarani, kimewekwa vizuri kama taka zinazongoja gari. Vya Aubin havikuguswa ila kwa wema. Mashati yake yalipigwa pasi, viatu vikang'arishwa, naye akamshukuru mkewe kwa moyo wote. Shukrani zile zilimchoma Ludivine kuliko matusi. Tuseme wazi: aliona wivu. Alimwonea wivu mwanamke asiyemjua, aliyejua kuliko yeye jinsi mumewe anavyopenda kola zake.

Mchana mmoja Aubin alisinzia kitini kando ya meko. Ludivine alikuwa analeta kahawa aliposikia brashi ikisugua sakafu, shwa, shwa, na hakuna mtu, na harufu ya sabuni ikajaa chumbani, na vigae vikaanza kulowa kimoja baada ya kingine vikimjia yeye, kisha vikageuka vikaelekea kwenye kiti, vikaishia miguuni pa Aubin, na shungi la nywele lililomwangukia usoni likainuliwa polepole na kuwekwa pembeni, kwa upole ambao Ludivine alidhani ni wake yeye tu, na Aubin, akiwa usingizini, akatabasamu.

Kesho yake Ludivine alimleta Mzee Firmin, mkulima anayewasomea dua watu wenye mkanda wa jeshi na walioungua moto. Mzee aliweka kiganja kwenye ukuta wa juu ya meko, penye mchoro uliofifia, akakiondoa haraka.

"Yumo humu," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna nywele zake. Zikitupwa mtoni leo hii, ataondoka. Zikibaki, ataondoka mwingine."

Ludivine akafuata nyundo. Aliporudi, Aubin alikuwa amesimama mbele ya ukuta, mikono ameitanua.

"Huu mchoro ni wa kale, Ludi. Lazima tuombe kibali."

"Kibali cha kumtoa mwanamke nyumbani kwangu? Umesikia mzee anavyosema, kuna nywele humo."

Aubin akatazama chini. "Najua. Msuko mmoja, mwekundu. Niliukuta wakati nakarabati. Nikaupiga picha, nikauandika, nikaurudisha palepale, nikaziba kwa chokaa. Ndivyo tunavyotakiwa."

"Ukanileta mimi humu huku unajua?"

"Nywele tu zile, mke wangu. Ila ukuta unalindwa."

"Na mimi nalindwa na nani?"

Mzee Firmin akavaa kofia yake, akaaga. Aubin hakushusha mikono. Ludivine akaondoka na basi la saa kumi kwenda kwa dada yake.

Septemba ikafika, siku zile ambazo nyumba zote zinazolindwa hufunguliwa watu waingie bure. Ludivine alijipanga foleni kama mgeni. Bado alimpenda, maskini, na kiburi chote kilikuwa kimemwisha. Aubin, amekonda, alikuwa akiwaeleza watu habari za mchoro. Alipomwona mkewe akayafupisha maelezo. Wageni walipotoka akamfuata hadi mlangoni.

"Nitoe humu, Ludi," akanong'ona. "Sasa hivi. Hata koti sichukui."

Ludivine akashuka hadi barabarani, akamshika mikono yote miwili, akavuta. Mguu wa Aubin ukafika kizingitini, ukasita. Aligeuza kichwa nyuma kidogo, kama mtu anayesemeshwa sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Sawa," akasema, na hakuwa akimwambia Ludivine. "Sawa, nakuja."

Mlango ukaanza kusukumwa kutoka ndani, bila haraka, mpaka nje ikabaki mikono ya Aubin tu na mbao zikaanza kuibana. Ludivine hakuachia. Aliyeachia ni Aubin.