Nusu Saa ya Randa

Randa iliteleza juu ya ubao, shaa, shaa, na maranda yakajikunja na kuanguka miguuni pa Baba Mdogo. Karibu yake, juu ya meza ya useremala, simu ilikuwa ikirekodi. Binti wa miaka kumi na miwili, ambaye nyumbani walimwita Chapchap kwa sababu hakuna kazi iliyomkalisha chini, alitazama kioo cha simu. Dakika kumi na moja. Bado kumi na tisa!

Kazi hiyo alipewa na muuguzi wa chumba cha upasuaji. Siku chache nyuma, msumeno wa umeme ulimkata baba yake kano za vidole viwili. Katika upasuaji wa kuziunga kano hizo mkono tu ndio hutiwa ganzi. Mgonjwa huwa macho. Baba alipolazwa kitandani, moyo ulimwenda mbio hata daktari akaahirisha.

"Wagonjwa wengi hutulia wakisikia sauti wanayoipenda," muuguzi alisema. "Wewe unapenda nini, fundi?"

Baba alijibu kwa haya kwamba nyimbo hazimkolei sana. Anapenda randa.

"Basi, mwanangu, niletee nusu saa ya randa. Halafu uisikilize yote, mpaka mwisho."

Nje ya karakana rafiki zake walikuwa wakiruka kamba. "We, siku hizi umekuwa fundi?" mmoja alimtania. Chapchap aliisogeza simu nyuma ya kopo la misumari, ikiendelea kurekodi, akatoka mbio. Aliporudi, nusu saa ilikuwa imepita. Alisikiliza mwanzo tu. Ulikuwa mzuri.

"Umeisikiliza yote?" muuguzi aliuliza asubuhi iliyofuata, akiipokea simu.

"Yote, dada. Mpaka mwisho."

Yeye na Baba Mdogo walikaa kwenye benchi la korido. Hata nusu saa haijatimia, mlango ulifunguka. Baba alitoka akisukumwa na muuguzi kwenye kiti cha magurudumu, macho chini.

"Imekwisha?" Baba Mdogo aliuliza.

"Wapi! Nimesikia msumeno masikioni, nikarusha mkono. Bahati daktari alikuwa hajaanza kukata. Sasa nasikia hata visivyokuwepo. Mtu mzima mimi! Sirudi humo ndani."

"Tukikawia sana, vidole havitakunjika tena," muuguzi alimwambia kwa upole.

"Basi visikunjike."

Chapchap aliikumbuka simu nyuma ya kopo la misumari. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini baba yake alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

"Baba," alisema, "msumeno ulikuwepo kweli. Niliiacha simu nikaenda kucheza. Sikuisikiliza yote. Nilidanganya."

"Kumbe!" Baba Mdogo aliguna. "Nilikuona unatoka, nikadhani umemaliza. Ndiyo maana nikauwasha msumeno."

Baba aliinua kichwa. "Kwa hiyo sina wazimu?"

"Huna, Baba."

"Nilikuwa najiona bure kabisa," alisema taratibu.

Hakumkaripia, na maneno hayo yalimchoma Chapchap kuliko fimbo. Machozi yalimtoka.

"Mimi pia nilipaswa kusikiliza kabla ya kumvalisha hedifoni masikioni," muuguzi alisema. "Tumekosea wawili. Lakini shika hili, mwanangu. Ungenyamaza, baba yako angebeba aibu isiyo yake, na vidole vyake vingepotea. Kazi ukiifanya nusu, kuna mtu anaumia mahali usipomwona. Na ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna cha kurekebisha."

Baba alishusha pumzi. "Haya. Keshokutwa nitarudi."

Jioni hiyo Chapchap alikaa kando ya simu bila kujitikisa. Walipofika dakika ya kumi na saba, lori lilipiga honi barabarani. Aliifuta rekodi yote wakaanza upya. Mara ya pili, Baba Mdogo aliisimamisha randa mwenyewe na kufuta jasho.

"Giza limeingia, siuoni ubao. Tumefika ngapi?"

"Kumi na tatu," Chapchap alijibu, bado hathubutu kumtazama usoni.

"Hazitoshi."

"Hazitoshi, Baba Mdogo. Kesho tunaanza mwanzo."

"Na msumeno?"

"Nitauchomoa kwenye umeme kwanza."