Bomba Lililoacha Kuvuja

Damu ilikuwa katikati ya sebule. Ilitandaa juu ya vigae kwa upana wa meza ya watu wanne, nyekundu iliyokwisha kugeuka kahawia pembeni. Maiti haikuwapo.

Inspekta alisimama kizingitini, mikono nyuma, buti zake ziking'aa. Kituoni walimwita Rula kwa kuwa hakupinda. Jina hilo alilijua, na hakuwahi kulikataza.

"Nani anaishi humu?"

"Mzee Saa," alijibu mama mwenye nyumba, mwanamke wa makamo aliyefunga shada la funguo kiunoni. "Fundi wa saa. Anaishi peke yake tangu mkewe afariki."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jana jioni, hapo ngazini. Leo nimekuta mlango wazi na damu hii. Mwisho wa mwezi alikuwa anahama, afande, anakwenda kuishi kwa binti yake. Vyombo vyote ameshauza. Alibaki na mkeka na sanduku."

"Sanduku liko wapi?"

Mama alichungulia chumbani. Mkeka ulikuwa umekunjwa ukutani. Sanduku halikuonekana.

"Mungu wangu! Wamemuua na sanduku wamechukua!"

"Simu yake?"

"Imezimwa, na ya binti yake haipokelewi. Nimepiga mpaka kidole kinataka kuota sugu."

Mlango haukuwa umevunjwa. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo na safi: chumba kimoja cha kulala, sebule, choo cha ndani, na jiko ambalo mtu mnene angelazimika kutoka nje ili ageuke. Katika jiji lile, nyumba ya namna hiyo, tena kwa kodi ambayo mtu wa mshahara wa kawaida angeimudu, ilizungumzwa kama almasi iliyookotwa njiani.

Koplo, aliyekuwa amechuchumaa na futi ya kupimia, alikohoa. "Samahani, mama. Hapa kodi inakwendaje kwa mwezi?"

Inspekta aligeuza shingo taratibu.

"Ni kwa ajili ya uchunguzi, afande."

"Pima damu, Koplo. Kupima nyumba ni kazi ya wapangaji."

Koplo aliinamisha kichwa. Yeye, mkewe na watoto wao walilala katika chumba kimoja cha kambi ya polisi, kilichogawanywa kwa pazia. Kila Jumapili alizunguka mitaa na madalali waliomtoza ada ya kumwonyesha nyumba zilizokwisha kukodishwa.

Kelele zilipanda ngazini kabla ya mwenyewe. Aliingia mwanamke mrefu mwenye mvi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alikuwa dada yake Mzee Saa. Alipoiona damu hakulia. Aliiegemea fremu ya mlango kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiizuia isianguke.

"Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Ndimi."

"Nipe kaka yangu. Kama ni mzima, nipe mzima. Kama amekufa, nipe nimzike. Usiniachie rangi sakafuni."

"Sitakuahidi nisilolijua, dada," alisema Inspekta. "Nitakuahidi kulijua."

Kisha akaingia ndani, akitembea kandokando ya ukuta.

Ukuta ulikuwa umepakwa rangi nyeupe siku za karibuni. Inspekta aliutazama kuanzia dari hadi sakafu, asione tone. Mtu akipigwa hadi akatoa damu kiasi kile, damu huruka: hupiga ukuta, hupiga mlango, huacha michirizi. Hii haikuruka popote. Ilikuwa imekoma mbali kidogo na ukuta, mbali na mlango wa mbao wa jikoni, mbali na kila kitu ambacho kingeshika doa lisilotoka.

Haikuwa imemwagika. Ilikuwa imemiminwa, tena kwa uangalifu wa mtu anayemwagilia mche.

Chumbani alikuta alama mbili ndogo za penseli ukutani, zikiwa na nafasi kati yake sawasawa na upana wa kitanda cha watu wawili.

"Alama hizi ni za Mzee Saa?"

"Mzee alikuwa akilala kitanda cha mtu mmoja, tena kidogo," alisema mama mwenye nyumba. Mara akasimama, akainua kidole. "Mbona kimya?"

"Kimya kipi?"

"Bomba la jikoni, afande. Lile bomba halijawahi kunyamaza tangu nijenge. Linadondosha usiku na mchana. Mzee alikuwa akilalamika mpaka nikawa nampita ngazini kwa kujificha."

Inspekta aliingia jikoni. Bomba lilikuwa kavu mdomoni. Alilifungua, maji yakatoka, akalifunga, yakakatika. Kwenye ndoo ya taka alikuta kipande cha mpira kilicholika.

"Nani amelitengeneza?"

"Si mimi," alisema mama, na wote waliomjua wangemwamini.

Koplo alikuna kichwa. "Afande, yaani muuaji ameua, kisha akatengeneza bomba?"

Inspekta alirudi sebuleni. Alikuwa akiutazama ule ukuta mweupe.

Majibu ya maabara yalifika siku iliyofuata. Mtaalamu alizungumza kwa simu, akitafuna kitu.

"Damu ya ng'ombe, Inspekta. Na imetiwa chumvi isigande. Aliyeichukua anaijua kazi ya nyama."

Dada alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo tangu milango ifunguliwe. Inspekta alimwambia mwenyewe, kwa ufupi, akiwa amesimama.

Alifumba macho. "Kwa hiyo si yake."

"Si yake."

"Basi yuko wapi?"

Ng'ombe hakumweleza Inspekta alikokwenda mwenye sanduku. Mtu anayejua kuleta damu bandia huenda anajua pia kuificha ya kweli. Alirudi ofisini, akamwita mama mwenye nyumba na kumketisha.

"Walikuja wangapi kuitazama nyumba?"

"Usiniulize wangapi, afande. Ngazi ilijaa kama kuna msiba. Wengine walitaka kunilipa hapohapo, mwingine akaniita mama mkwe."

"Kati yao kuna muuza nyama?"

"Kazi za watu sikuuliza. Nilimwambia kila mmoja: kodi ya miezi mitatu mbele, jibu mwisho wa mwezi."

"Na sasa wanasemaje?"

Mama alipumua. "Hakuna anayepokea simu yangu. Mtaa mzima unasema mle ndani kuna damu."

Inspekta aliinyoosha kalamu mezani mpaka ikawa sambamba na ukingo. Tangu mwanzo walikuwa wakimtafuta mtu aliyemchukia Mzee Saa. Walipaswa kumtafuta mtu aliyeipenda nyumba. Aliipenda kiasi cha kuogopa kuuchafua ukuta wake.

"Wapigie wote tena. Waambie nyumba bado ipo, na waje leo."

Simu zile Koplo alizisikiliza kwa uchungu wa mtu anayetazama chakula kikitupwa. Mmoja aliomba asipigiwe tena. Wa pili alisema afadhali aendelee kulala sebuleni kwa shemeji yake, ingawa shemeji anakoroma. Wa tatu alikata simu akisoma dua. Ndipo sauti moja ya kiume ikasema haraka, kabla mama hajamaliza kueleza: "Tunakuja. Mimi na mke wangu tunakuja."

Walikuja mchana. Mume alikuwa kijana mpana wa mabega, kucha zake zimesuguliwa mpaka nyama. Mke alikuwa mwembamba, amevaa sare ya wafua nguo wa hoteli. Inspekta, akiwa na mavazi ya kiraia kama Koplo, alikuwa amekaa karibu na dirisha juu ya kiti alicholeta mama mwenye nyumba, aliyesimama kando. Hakujitambulisha, wala hakujisingizia kuwa mtu mwingine. Dada alikuwa nje ngazini. Alikuwa amekataa kwenda kwake.

Mke aliliona doa sakafuni, akasita.

"Ni hapa?"

"Litatoka kwa sabuni," alisema mume. Alilizunguka bila kulitazama. "Hebu tazama dirisha. Jua la asubuhi linaingia huku. Kitanda kitakaa chumbani ukuta ule, na bado utapata njia ya kupita. Na jiko lako lile pale, hata bomba limeshatengenezwa."

Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Tangu waingie, hakuna aliyeufungua.

"Bwana," alisema Inspekta, akiinuka. "Siku ya kuitazama nyumba, bomba lilikuwa linavuja?"

"Lilikuwa likivuja sana."

"Umeingia humu tena baada ya siku hiyo?"

"Hapana."

"Nani basi aliyekuambia limetengenezwa?"

Kijana aligeuka kuutazama mlango wa jikoni.

"Unafanya kazi gani?"

"Nauza nyama. Sokoni."

"Mimi ni Inspekta wa polisi. Mzee Saa yuko wapi?"

"Afande..."

"Sijakuuliza habari ya damu. Ya damu naijua. Mzee yuko wapi?"

"Amekwenda kwa binti yake!" Maneno yalimtoka kama maji yaliyofunguliwa. "Nilimsindikiza mwenyewe stendi, alfajiri. Binti amejifungua kabla ya siku zake, mzee akapata habari, hakutaka kungoja mwisho wa mwezi. Nilimbebea sanduku. Mama mwenye nyumba alikuwa bado amelala, basi mzee akanipa ufunguo nimkabidhi."

"Kwa nini akupe wewe?"

"Nilikuwa nikija kumsalimia. Nilikuwa nakuja kuitazama nyumba, lakini nilimsalimia kwa dhati."

Mlango wa nje ulifunguka kwa kishindo. Dada alikuwa amesikia.

"Ulimwona akipanda basi? Kwa macho yako?"

"Nilimwona, shangazi. Alikaa dirishani. Akaniambia anaizima simu, chaji isije ikamwishia njiani."

Inspekta aliinua mkono. "Koplo, piga simu kituo cha polisi cha mji wa huyo binti. Waende nyumbani kwake. Sitaki kuambiwa yupo; nataka kusikia sauti yake." Kisha akamgeukia kijana. "Endelea. Ufunguo ulibaki mfukoni mwako."

Kijana alimtazama mkewe, si afisa.

"Ulibaki. Nilipandisha ngazi kuurudisha, nikasimama hapa mlangoni. Afande, sisi tumefunga ndoa tangu mwaka jana. Mimi nalala bucha na wenzangu, yeye analala kwa shangazi yake na mabinti watano. Tunaonana kituo cha basi, kama watoto wa shule. Kila nyumba tuliyoiona, ama dalali ni mwizi, ama kodi inataka mshahara wote, ama choo kiko mtaa wa pili. Hii ndiyo tuliyoiweza. Na niliona ile foleni ngazini. Nilijua hatutaipata."

"Ukaamua kuifupisha foleni."

"Ndiyo. Nilileta damu kutoka machinjioni ndani ya ndoo. Nilisema, watu wakisikia damu watakimbia, basi. Sikufikiria zaidi ya hapo."

"Hukufikiria kwamba damu lazima iwe ya mtu?"

Kijana alilitazama doa kwa mara ya kwanza.

"Na bomba?"

"Nilikuwa nimemaliza kumimina. Nikakaa chumbani kidogo, nikapima kitanda. Lile tone likawa linanisumbua: to, to, to. Nikatoka kununua mpira, nikarudi kulitengeneza." Sauti yake ilishuka. "Nilijiona niko kwangu."

Mkewe alivua mkoba begani na kuuweka chini.

"Ungeniambia," alisema. "Mwaka mmoja nimekungoja kituo cha basi. Ningekungoja na mwingine."

"Sikiliza, bwana," alisema Inspekta, na sauti yake haikuwa na ukali wala huruma. "Hukuua. Lakini ulimzika mtu aliye hai mbele ya dada yake. Shida yako ni ya kweli. Haikukupa ruhusa ya kumpa mwingine shida isiyo ya kweli. Utashtakiwa kwa kuingia nyumba ya mtu bila idhini na kwa kuzusha taharuki. Yote uliyonieleza hakimu atayasikia, na la bomba pia."

Simu ya Koplo ililia. Aliisikiliza, akaukunjua uso wake mzima kwa tabasamu, akaibonyeza ili wote wasikie.

"Halo? Halo! Nani amesema nimekufa?" Sauti ilikuwa ya mzee, kavu na yenye hasira. Nyuma yake mtoto mchanga alilia kwa nguvu zote. "Polisi wawili wamenikuta nakunywa chai! Mnataka nife kweli?"

Dada aliipokonya simu.

"Mpuuzi wewe! Maisha yako yote unatengeneza saa za watu, kuwasha simu imekushinda?"

"Dada? Unalia?"

"Silii! Nakutukana!" Alikuwa akilia, na kucheka, na kukaa chini sakafuni papo hapo, karibu na lile doa alilolikwepa tangu jana. Alisikiliza, akajibu, akamweleza habari ya damu, ya kijana na ya bomba. Kisha mzee akapaza sauti tena.

"Limetengenezwa? Bomba? Nimelalamika miaka yote hiyo, nimehama ndipo linatengenezwa? Nipe huyo mama!"

Mama mwenye nyumba alirudi nyuma kama aliyenyooshewa nyoka. Alipopata pumzi, alimtazama yule mke aliyesimama peke yake dirishani.

"Mkataba nitauandika kwa jina lako, binti. Wewe hukumwaga kitu. Kodi ni ileile, na mabomba ya jengo zima atayatengeneza mumeo, siku watakayomwachia."

Koplo alishusha pumzi ndefu. "Afande, mimi nilikuwa nafikiria labda..."

"Najua ulichokuwa unafikiria. Nyumba uliyoichunguza hutaipanga."

"Ndiyo, afande."

"Jumapili nitakwenda nawe. Nataka kuwaona hao madalali."

Kijana alinyoosha mikono apigwe pingu, kisha akairudisha nusu. "Afande, naomba kwanza nisafishe."

Inspekta alilitazama doa, akamtazama kijana, akavuta kiti na kukaa. Kijana alijaza ndoo jikoni, akapiga magoti. Baada ya muda mkewe alikunja mikono ya sare yake, akachukua kitambaa cha pili, akapiga magoti upande wa pili wa doa. Vigae vilirudi kuwa vyeupe kimoja baada ya kingine, mpaka vitambaa vyao vikakutana katikati.

Kijana alisuuza ndoo, akafunga bomba.

Inspekta alitega sikio. Halikufuata tone.