Kiganja cha Fundi Dardir

Asubuhi ile Fundi Dardir alikuwa ameketi juu ya gunia mbele ya gereji yake, akipuliza vitundu vya kabureta kimoja baada ya kingine, huku birika la chai likichemka juu ya jiko la mafuta ya taa. Gereji ilikuwa kando ya mfereji, pale njia ya mashamba ya miwa inapopanda kuikuta barabara ya mji wa Qus, na hapakupita pikipiki ambayo fundi hakuitambua kwa mlio kabla ya kuiona. Ndani, mwanawe wa pekee, Yasin, kijana aliyempita baba yake kwa kichwa kizima, alikuwa akifunga ekzosi mpya kwenye pikipiki ya mteja. Arusi yake ilikuwa imekaribia.

"Bwana arusi," aliita Bakhit, kinyozi wa kibanda cha jirani, "hiyo ekzosi ni ya pikipiki au ya treni ya Aswan?"

"Ni ya kukuamsha wewe, Ami Bakhit. Watu wanakatwa masikio kwa usingizi wako."

"Sema tena! Siku ya arusi shingo yako itakuwa chini ya wembe wa nani?"

Walikuwa bado wakicheka mkokoteni wa punda ulipojitokeza kutoka upande wa daraja. Kando yake alitembea mwanamke aliyejifunika nguo nyeusi tangu utosini hadi vidoleni. Juu ya mkokoteni, imefungwa kwa kamba ya mtende, ililala pikipiki nyekundu ambayo gurudumu lake la mbele lilikuwa limegeukia pembeni, kama shingo ya kuku aliyekwisha kuchinjwa.

Kicheko kilikatika. Alikuwa Mama Shazli.

Shazli, mwanawe, alikufa kabla ya mavuno ya miwa. Alikuwa akipanda tuta la daraja, pikipiki ikamtupa juu ya mawe ya lango la maji. Fundi Dardir ndiye aliyefika wa kwanza, na ndiye aliyewaambia askari na majirani, huku akitikisa kichwa kwa majonzi: "Kijana alikuwa mwendo kasi. Mara ngapi nilimwonya?" Maneno hayo yakakubaliwa, pikipiki ikafunikwa kwa turubai, na maiti ikazikwa.

Lakini jioni ya maziko, viti vilipopangwa uani na msomaji wa Kurani alipokwisha kukaa, Mama Shazli alitoka akasema neno moja: "Vikunjwe." Hakupokea rambirambi. Na huku kwetu hata mtoto anajua maana yake. Nyumba isiyopokea rambirambi ni nyumba inayosubiri damu.

"Ajali haina kisasi, Hajati," sheikh wa msikiti alimwambia.

"Basi mniache nisubiri kitu kisichokuwapo," alimjibu.

Sasa alisimama mbele ya gereji, mkono wake juu ya tangi la pikipiki.

"Amani iwe kwako, Fundi."

"Na iwe kwako, Hajati. Kwa nini umejisumbua? Ungeagiza tu, tungeifuata."

"Nimeileta mwenyewe ili uitengeneze. Tena usiitengeneze tu, ipambe. Taa mpya, honi mpya, kiti cha watu wawili."

"Una mteja, nini?"

"Pikipiki ya arusi haiuzwi." Akamgeukia Yasin. "Wewe na Shazli mmecheza tope moja la mfereji, baba. Mwenzio hakuwahi kuoa. Mpande wewe na mkeo. Ndiyo tuzo yangu."

Yasin alitupa spana, akaja akambusu kichwani. Bakhit alifuta machozi kwa taulo la wateja. Ni Dardir peke yake aliyetaka kukataa, lakini hakuna mtu anayekataa tuzo ya arusi kutoka kwa mama aliyefiwa, ila awe na sababu ya kuitamka. Sababu alikuwa nayo. Kuitamka ndiko kulikomshinda.

Mama Shazli alipokwenda zake, fundi aliitazama alama iliyokuwa juu ya tangi. Kila anayenunua chombo cha moto huku huchinja kondoo au walau kuku, akachovya mkono katika damu na kuubandika juu yake, ili jicho la hasidi lisikipate. Ila pikipiki zilizotoka kwa Dardir, kiganja alikibandika mwenyewe. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kililiwa na cheni zamani, kwa hiyo alama yake ilikuwa ya vidole vinne, na watu waliitambua toka Qus hadi Luxor. Ilikuwa dhamana kuliko karatasi. Mtu akikiona kiganja cha Dardir, alinunua bila kuuliza.

Na pikipiki hii alimwuzia Shazli huku akijua. Aliinunua ikiwa imegongwa, bomba la shokapu ya mbele, la kulia, likiwa limepasuka. Alilichomelea, akalipiga msasa, akalipaka rangi ya fedha, mshono usionekane. Kisha akachovya kiganja.

Siku hiyo hiyo alifungua shokapu zote mbili za mbele na kufunga mpya, za asili, zilizokuwa bado na grisi ya kiwandani. Bomba lenye mshono, ambalo safari hii lilikuwa limekatika vipande viwili, alilichukua jioni akalitupa mferejini kwa mkono wake. Alilisikia likizama. Akafunga gereji, akarudi nyumbani, akala mkate wake na kitunguu kama mtu aliyelipa deni.

Asubuhi alifungua mlango.

Pikipiki ilisimama wima pale alipoiacha. Shokapu mpya zilikuwa sakafuni, zimepangwa sambamba juu ya gunia, kama zinavyolazwa na fundi mwenye adabu. Na kwenye pikipiki, upande wa kulia, lilikuwapo bomba la zamani. Zima. Lina mshono.

Dardir aliutafuta kwa ukucha, chini ya rangi ya fedha. Ulikuwa pale pale. Ulikuwa wake. Kila fundi huujua mchomeleo wake kama mtu ajuavyo mwandiko wake.

"Yasin! Umegusa hii?"

"Mimi? Wewe ndiye mwenye ufunguo, baba."

Alifungua tena. Safari hii alilikata bomba kwa msumeno, akakipeleka kila kipande mahali pake, kimoja mferejini, kimoja ndani ya kisima kilichokufa. Asubuhi likawa limerudi. Lilikuwa limelowa, na mwani wa mferejini ulizunguka mshono kama kitambaa juu ya kidonda.

Basi akaligeukia tangi. Alikisugua kiganja kwa sabuni, kisha kwa petroli, kisha kwa msasa hadi bati likang'aa. Akapaka rangi nyekundu tabaka juu ya tabaka. Rangi ilipokauka, kiganja kilikuwa juu yake. Vidole vinne, na mahali pa cha tano pakiwa patupu.

"Mwambie Mama Shazli imeshindikana," alimwambia mwanawe.

Yasin alicheka. "Wewe? Fundi Dardir ashindwe na pikipiki? Nikisema hivyo, Ami Bakhit atanitangaza hadi Luxor. Baba, nitaipanda hata kama itabidi niisukume."

Siku iliyofuata, Mama Shazli alipita akitoka kuoka mikate. Yasin hakuwapo. Mwanamke alitua ungo, akamsogelea fundi karibu mno, akanong'ona.

"Bomba limekurudia?"

Dardir alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagota mlango.

"Mwanangu ananijia kila alfajiri, Fundi. Hasemi kuwa amekufa. Hilo amelikubali. Anasema, 'Mama, sikuwa mwendo kasi.' Ulimuua, kisha ukamsingizia. Simama Ijumaa mbele ya msikiti, useme maneno hayo tu. Mwanao ataoa, atazeeka."

Fundi alitazama kibao cha gereji chenye jina lake. Alitazama pikipiki za wateja zilizosubiri mkono wake. Akafikiri juu ya ukoo wa mchumba wa Yasin, watu wa heshima, wasiomwoza binti yao kwa mwana wa muuaji.

"Mungu amrehemu Shazli," alisema. "Ajali ni ajali, Hajati."

Mama Shazli alijitwika ungo wake.

"Haya," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyefunga mlango kwa upole ili asiamshe waliolala.

Ijumaa ikaja, ikapita. Dardir aliswali safu ya nyuma, akatoka kabla ya watu.

Kesho yake alikuta shokapu mpya zimefungwa, imara, zinang'aa. Bomba la zamani halikuonekana tena, wala siku hiyo, wala iliyofuata. Fundi alizikagua nati zote. Alijaribu breki, akakaza spoki, akabadilisha oili, akafunga taa na honi na kiti cha watu wawili. Hakuwahi kuitengeneza pikipiki kwa unyofu kama ule. Akapumua. Akajiambia kwamba yule mwanamke amechoka, na kwamba wafu nao huchoka.

Siku ya arusi, baada ya adhuhuri, aliingia gereji kuifuta vumbi. Vijana walikuwa wakikusanyika barabarani kwa pikipiki zao zilizopambwa riboni, wapiga ngoma wakikaza ngozi juani. Aliweka kitambaa juu ya tangi.

Kitambaa kikawa chekundu.

Kiganja kilikuwa kibichi. Damu ilikuwa ya moto.

"Yasin, usipande hii!" alipiga kelele. Lakini Yasin alikuwa kwa Bakhit, ananyolewa, na ngoma zilikuwa zimeanza. Dardir alifunga gereji kwa kufuli, akajiambia kwamba bila ufunguo pikipiki haitoki, akautia ufunguo mfukoni, akakimbia nyumbani. Alifungua sanduku, akatoa sanda yake, aliyokuja nayo kutoka Makka. Alijua kilichobaki. Anayetaka kukata kisasi huvua viatu na kilemba, huibeba sanda yake juu ya mikono miwili mbele ya watu wote, na kwenda kuikabidhi kwa wenye damu. Wakitaka humuua. Wakitaka humsamehe. Aghalabu husamehe.

Alitembea peku juu ya lami iliyochemka. Watu walitoka milangoni. Bakhit, wembe bado mkononi, alimfuata mbio.

"Dardir, umerukwa na akili? Leo? Mwanao nimemaliza kumnyoa sasa hivi!"

"Pikipiki iko gerejini?"

"Ipi? Yasin ameshaipanda. Tumeikuta nje inanguruma."

Dardir aliupapasa ufunguo kwa kiwiko. Ulikuwa mfukoni. Akaongeza mwendo, maana nyumba ya Mama Shazli ilikuwa karibu kuliko daraja.

Uani, viti vilikuwa vimepangwa. Msomaji alikuwa amekaa. Kahawa chungu ilikuwa ikipitishwa.

"Nani amefariki, Hajati?" aliuliza Bakhit.

"Mwanangu. Umesahau? Leo napokea rambirambi zake."

Fundi alipiga magoti, sanda mbele yake. "Hajati! Enyi watu, shuhudieni! Shazli hakuwa mwendo kasi. Bomba lilikuwa bovu. Mimi nililichomelea, nikalificha kwa rangi, nikaliwekea kiganja changu. Hii hapa sanda yangu. Damu yangu ni halali yako."

Mama Shazli alimtazama kwa muda mrefu, kama anayemsikiliza mtu aliyesimama nyuma yake. Kisha aliichukua sanda, akaikunjua, akaipima kwa mkono kama afanyavyo mshonaji.

"Kwako ni ndefu, Fundi," alisema.

Akaikunja upya, kwa uangalifu.

"Lakini haitatupwa."

Kutoka upande wa daraja zilisikika honi. Nyingi, za furaha, na ngoma chini yake. Katikati ya milio yote Dardir alitambua mmoja. Ulipanda tuta. Ulipanda taratibu.

Ukakatika.

Honi nyingine zikanyamaza moja moja.

Mafundi wa polisi waliotoka Qus waliifungua pikipiki yote. Hawakuona kasoro. Shokapu nzima, breki nzima, tairi jipya. Yasin aliokotwa chini, juu ya mawe ya lango la maji, amekufa, lakini pikipiki ilikutwa imesimama kwa stendi yake katikati ya daraja, na tangi lilikuwa jekundu, safi, halina alama yoyote. Walioandamana na bwana arusi kwenda kumchukua bibi arusi waliapa kwamba alikuwa peke yake juu ya pikipiki, akienda mwendo wa ngoma, hatua kwa hatua. Walikuja mmoja mmoja kumwambia baba yake, wakidhani wanamfariji: "Mwanao hakuwa mwendo kasi, Fundi."

Ila waoshaji walipoivua kanzu nyeupe ya Yasin, walikuta mgongoni alama ya kiganja, nyekundu, kama cha mtu aliyesukuma. Ilikuwa na vidole vinne. Walitazamana, wakaikunja kanzu ile, wakaizika pamoja naye. Na ua mzima wa Mama Shazli ulikuwa umekwisha kuona kwamba, saa ile, mikono yote miwili ya Dardir ilikuwa mbele ya macho yao, mitupu.

Jioni ya maziko, viti vilipangwa mbele ya nyumba ya fundi. Sheikh alifika, akakaa, akasubiri. Dardir alitoka akiwa peku vilevile. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuzungushia kitambaa cheupe, na kitambaa kilikuwa kimelowa kikawa chekundu, ingawa Bakhit, aliyemfunga, anaapa mpaka leo kwamba hakuona jeraha.

"Kaa upokee mkono wa pole, ndugu yangu," sheikh alimwambia. "Ajali haina kisasi."

Dardir aliutazama ule mkono wake uliofungwa.

"Vikunjwe," alisema.